Gari la Koni, Hali: Nzuri

Jumatano, 20 Juni 1979. Moroni.

Naanza daftari jipya. La zamani nimelichoma jikoni, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mlikuwa na maneno yangu kuhusu kofia ya Kapteni mmoja. Hili nitaliandika kwa Kiswahili tu. Kifaransa wanakisoma. Kingazija anakisoma Elarif. Kiswahili cha Unguja, nilikosoma mpaka nikafika miaka kumi na minne, ofisini ninacho peke yangu. Na kwa usalama zaidi, wale wazungu wa kambini waliokuja na bunduki mwaka jana nitawaita Wageni.

Leo nimemaliza orodha ya mitambo yote ya serikali katika visiwa vitatu. Kazi ya miezi miwili! Vitu arobaini na kimoja. Aina, mahali, hali. Aina na mahali nimenakili kutoka orodha ya 1974. Hali nimejaza mwenyewe: nzuri. Mara arobaini na moja. Sikwenda kutazama. Ningekwendaje? Bohari la kwanza tu, hapa hapa Moroni, lina mbwa.

Bwana Mouhidine, mkuu wetu, amesifu mwandiko wangu. Elarif, ambaye meza yake inatazamana na yangu, akauliza kwa upole kama tingatinga la kisiwa cha Mwali nalo ni zima, maana mjomba wake amepanda migomba ndani yake. Wivu mtupu. Karani mkuu anastaafu mwezi wa nane, na meza yake iko dirishani. Elarif anaitaka. Mimi naihitaji. Dirishani mtu anaona nani anakuja.

Alhamisi, 21 Juni.

Balaa!

Kapteni Gaspar, mmoja wa Wageni, amekuja ofisini kuisoma orodha yangu. Anasoma kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye namba 27. Gari la mbio, la kifahari, la Kiingereza, milango miwili, la mwaka 1961. Mahali: Koni, kisiwa cha Nzwani, kwa tajiri wa mashamba ya mlangilangi. Hali: nzuri.

Uso wake ukawa wa mtoto. Akasema tarehe sita Julai, siku ya Uhuru, ataliendesha mwenyewe kutoka Koni mpaka Mutsamudu, watu wote wakitazama. Akauliza nani amelikagua. Elarif alinionyesha kwa kidole kabla swali halijaisha.

Nilipaswa kusema kweli. Mdomo niliufungua. Kisha nikamkumbuka karani aliyekuwapo kabla yangu, aliyeandika lori moja mara mbili. Wageni walimwita kambini kumuuliza. Alirudi baada ya siku tisa. Sasa anauza ndimu Itsandra, na chochote utakachomwambia hujibu ndiyo.

Nikasema: "Naam, Kapteni. Liko kama jipya."

Akanipiga begani kwa furaha. Bega linauma bado.

Siku kumi na tano. Orodha siwezi kuibadilisha, imeshapigwa muhuri. Gari naweza.

Nimemwambia Bwana Mouhidine kwamba gari linahitaji kupanguswa vumbi kidogo, bora niende mimi. Ameniruhusu. Niliomba boti ya serikali. Haiwezekani: imefungwa gatini Mutsamudu mpaka sherehe ziishe. Naondoka kesho na boti ya mizigo.

Jumamosi, 23 Juni. Mutsamudu.

Nimefika. Nililala juu ya magunia ya vitunguu. Nimetapika mara saba. Mpishi wa boti alihesabu, na akawatangazia waliotupokea.

Gatini nimeiona ile boti ya serikali. Buluu tupu, kuanzia kibanda mpaka injini. Nahodha wake hakutaka kubakisha rangi koponi. Imenipendeza. Siku moja nitaipanda kama bwana.

Jumapili, 24 Juni. Koni.

Nimepanda mlimani kwa teksi. Baridi! Nimevaa mashati mawili na meno bado yanagongana. Nusu ya baridi hiyo ni hofu.

Gari limo katika banda la mabati, nyuma ya mtambo wa kukeneka mafuta ya mlangilangi. Ufunguo anao Koko Bahia (koko ni bibi kwa watu wa hapa), mjane wa msimamizi wa zamani. Tajiri alipoondoka mwaka 75 alimwambia amngoje. Amemngoja, ila hakukaa bure. Mtambo anauendesha mwenyewe.

Akafungua banda. Ni gari zuri, hapo sikusema uongo. Refu, jeusi, boneti kama meza ya karamu. Lakini breki zimeganda. Matairi yamelala. Betri imekuwa sanduku la unga mweupe. Pampu ya petroli imeoza, ukiigusa inabaki mkononi. Rejeta haipo kabisa.

Nikamuuliza rejeta iko wapi. Akanipeleka kwenye mtambo wake. Imefungwa hapo ukutani! Mvuke wa maua unaingia juu, mafuta na maji yanadondoka chini, anayakinga kwa chupa. Bomba lake la zamani lilitoboka. Akasema Waingereza wanajua kutengeneza vitu vya kukenekea.

Nikamweleza, kwa heshima zote, kwamba gari hili kwa mujibu wa serikali ni zima. Akalitazama gari. Akanitazama mimi. Akasema: "Mwanangu, serikali ilipita hapa lini? Labda nilikuwa msikitini."

Jambo moja jema. Kwenye kisanduku cha mbele nimekuta kitabu cha gari. Kurasa mia mbili za Kiingereza, na michoro. Kiingereza nilikipata Unguja kwa bakora. Katika kisiwa hiki sidhani kama kuna mwingine.

Jumatatu, 25 Juni. Mutsamudu.

Nimepata fundi. Anaitwa Sounhadj, fundi wa malori. Huweka kiganja juu ya boneti, hufumba macho, kisha hutaja ugonjwa.

Nilikusudia kumficha siri. Nikaanza kutetemeka, akadhani nina homa, akataka kuniita daktari. Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama niliandika nzuri hata kwa lori la barabara, lile lililolala juu ya mawe bila magurudumu. Nikasema ndiyo. Na jenereta la bandari? Ndiyo. Na bafu la nyumba ya wageni? Ndiyo, fundi, ndiyo!

Tangu hapo ananiita Bwana Nzuri. Kufikia alasiri gati lote lilikuwa linaniita hivyo. Wachukuzi wakiniona wanatua magunia ili waniamkie.

Tumepatana: yeye mikono, mimi kitabu. Hakutaka kubembelezwa. Amesema injini ile anaingoja tangu mwaka 63, siku tajiri alipompita barabarani akairushia tope kanzu yake nzima ya Idi. Anataka kuishika kooni.

Jumatano, 27 Juni. Koni.

Mpango wa kwanza wa kupata rejeta: barua rasmi. Nimeandika kwa wino mweusi, mihuri mitatu. Nikamsomea Koko Bahia nikiwa nimesimama wima. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaiingiza chini ya mtambo. Akasema kuni zimelowa, na karatasi ya serikali inashika moto vizuri.

Mpango wa pili: kuifungua wakati anaswali adhuhuri. Niliingia na spana. Nikaikumbatia rejeta ili isianguke. Ilikuwa ya moto! Nilipiga kelele. Aliswali mpaka mwisho bila haraka, akatoa salamu kulia na kushoto, akaja na chupa ya mafuta ya nazi, akanipaka vidole vyote kumi. Hakuuliza nilikuwa nashika nini.

Chupa hiyo huiweka juani kila asubuhi, dirishani, kabla hajachana nywele. Siku ya pili sasa naiona hapo. Sijui kwa nini. Mambo ya wanawake.

Kisha akatoa neno lake. Rejeta ataitoa siku nitakapomletea bomba la shaba la urefu wa pima tatu. Maua hayangoji sherehe za mtu.

Alhamisi, 28 Juni. Mutsamudu.

Bomba tunalo. Namba 33 ya orodha yangu: nyumba ya wageni ya serikali, bafu la maji ya bomba. Hali: nzuri. Fundi Sounhadj amesema hakuna mgeni anayeoga humo mwezi mzima huu. Akaingia na msumeno.

Kazi yangu ilikuwa kusimama barazani na kuimba, ili kelele zisisikike. Ninajua kaswida mbili. Mlinzi akaja, akakaa, akafumba macho. Nilipomaliza ya pili akaniomba ya tatu. Nikarudia ya kwanza polepole. Alilia.

Alasiri tumepanda Koni. Koko Bahia amelipima bomba kwa mikono, akalinusa, akalikubali. Rejeta ni yetu! Tumeisuuza mara nne. Bado inanukia kama chumba cha bibi arusi.

Jumamosi, 30 Juni. Koni.

Breki. Kitabu kinasema: badilisha mipira yote ya ndani. Fundi ameipata kwenye lori la barabara (namba 31). Betri imetoka kwenye jenereta la bandari (namba 35). Matairi tumeyaziba, tumeyajaza, tumeyasalia.

Siku nzima nimekaa kwenye kiti kukanyaga pedali, yeye chini ya gari akitoa hewa kwenye mabomba. Kanyaga! Achia! Kanyaga, Bwana Nzuri, unaogopa hata pedali? Mguu wangu wa kulia sasa ni wa mtu mwingine.

Zinashika. Ila fundi amenionya: breki za gari hili husaidiwa na injini. Injini ikizimika njiani, anayekanyaga awe na mguu wa ng'ombe. Nikacheka. Nani ataendesha gari lililozimika?

Nimekagua orodha kabla ya kulala. Dhamiri yangu safi. Vitu vyote arobaini na kimoja bado vipo. Vimehamiana kidogo tu.

Jumatatu, 2 Julai.

Telegramu ya Elarif. GARI LIKO KAMA JIPYA BADO? SOTE TWAKUOMBEA. TWAJA TAREHE TANO NA BWANA MOUHIDINE. Amelipa maneno yote hayo ili anichome tu!

Sikuyumba. Ilibaki pampu ya petroli na kabureta. Asubuhi nilimwambia fundi kwamba bila pampu nimekwisha, nitauza ndimu na mwenzangu. Akavaa koti, akateremka mjini.

Saa kumi amerudi na kitu ndani ya koti. Pampu ya umeme, nzima kabisa! Imepakwa rangi ya buluu, na skrubu zake zina chumvi. Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema imetoka mahali ambapo hakuna anayeihitaji wiki hii, na akaniuliza kama kweli nataka kujua. Nilifikiri. Nikasema hapana.

Tumeifunga pamoja. Nilishika chini, yeye akakaza juu. Rangi inabanduka, kucha zangu zote buluu. Tukawasha umeme. Tik-tik-tik-tik! Sijapata kusikia sauti tamu kama hiyo tangu niache shule.

Jumanne, 3 Julai.

Kabureta. Ziko tatu, zimepangwa kama ndugu, kila moja ina kichupa kichwani. Kitabu kimeeleza vizuri: ndani ya kichupa mna pistoni ndogo, nayo huogelea ndani ya mafuta mepesi. Ukikanyaga moto, pistoni hupanda taratibu, injini inapata pumzi kwa kiasi.

Fundi amesema mafuta ya cherehani ndiyo yanayofaa, shangazi yake Naïma ni mshonaji, ataniletea kesho. Niguse kitu kingine chochote ila hivyo vichupa.

Alipoondoka nikawaza. Kesho Sounhadj akimimina tone la mwisho, watu watasema gari limetengenezwa na Sounhadj. Tone la mwisho liwe langu! Mafuta mepesi. Nikaenda jikoni kwa Koko Bahia. Saa saba mchana, moto unawaka, chupa ya mafuta ya nazi iko karibu na jiko. Nikaitingisha. Mepesi kama maji. Safi, yanapenya mwanga. Nikajaza vichupa vyote vitatu.

Kitabu kinataka kusomwa na mtu mwenye akili, ndiyo siri yake.

Jumatano, 4 Julai.

LIMEWAKA!

Saa sita mchana, jua kali. Fundi alizungusha ufunguo mara tatu. Kikohozi. Kikohozi kingine. Kisha mngurumo laini, mzito, kama simba aliyeshiba. Watoto wa Koni walikimbia, halafu wakarudi. Fundi Sounhadj aliweka kiganja kwenye boneti, akafumba macho, na machozi yakamtoka. Akamwambia tajiri, ambaye yuko Ulaya: "Haya, nirushie tope sasa."

Kisha akanusa. Akauliza kama nimejipaka mafuta kichwani. Nikasema ndiyo. Akanusa tena, akatikisa kichwa. Mafuta ya shangazi yake nilikuwa nimeyatia mfukoni asubuhi, nikamwambia nimeshayamimina.

Tumekwenda mpaka mtoni na kurudi. Breki zinashika! Gia zinaingia! Neno nililoandika tarehe 20 Juni sasa ni kweli. Si uongo tena. Liliwahi mapema tu.

Alhamisi, 5 Julai. Mutsamudu.

Wamefika kwa ndege. Kapteni Gaspar, Bwana Mouhidine, Elarif na shati jipya.

Kapteni alikwenda kuoga nyumba ya wageni. Alifungua bomba. Likatoa upepo. Akatoka na taulo kiunoni na sabuni machoni, akapiga kelele ambazo sitaziandika hata kwa Kiswahili. Nilijitokeza haraka. Nikasema maji ya Mutsamudu hupumzika mwezi Julai. Mlinzi, Mungu ambariki, akasema ni kweli. Kapteni ameogea ndoo.

Elarif ameniuliza kwa nini kucha zangu ni za buluu. Nikasema wino.

Kisha pigo. Kapteni ametangaza kwamba aliyelikagua gari ndiye atakaa kando yake kesho. Nilisema heshima hiyo apewe Elarif, yeye ni mgeni hapa. Elarif akasema hawezi kuninyima haki yangu. Tulibishana kwa adabu hivyo muda mrefu, kila mmoja akimsukumia mwenzake kiti. Kapteni akasema: "Wewe. Mdogo." Akanionyesha kwa funguo.

Ijumaa, 6 Julai.

Niko hai. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi, Koni. Ukungu. Baridi kuliko siku zote, pumzi zinaonekana. Kapteni amevaa medali zake zote. Bwana Mouhidine na Elarif wako nyuma, kwenye lori la askari. Fundi Sounhadj ameegemea banda, mikono kifuani. Koko Bahia yuko dirishani, anaweka chupa yake.

Kapteni akazungusha ufunguo. Likawaka! Akakanyaga moto. Likakohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, ukalifunika lori zima, Elarif na shati lake jipya. Injini ikafa. Akawasha tena. Kikohozi, moshi, kimya. Mara ya tatu. Kila akikanyaga, inakata pumzi, kama mtu anayezibwa pua.

Kapteni akanigeukia taratibu. Nilianza kunusa ndimu.

Nikaangalia mbele. Barabara ya Koni inateremka. Inateremka mpaka Patsi, inateremka mpaka Ouani, baharini. Sijui neno lilitoka wapi. Nikasema: Kapteni, kitabu kimeandika kwamba magari ya daraja hili hayawashwi mlimani. Huachwa yateremke kwanza, ili injini iamke kwa heshima.

Akanitazama. Akasema Waingereza ni watu wa ajabu. Akaachia breki.

Tukaondoka bila sauti. Ee Mola! Mwanzo polepole, kama kiti cha bibi arusi. Kisha upesi. Kisha upesi sana. Hakuna mngurumo, ni upepo tu na mayowe ya watu pembeni, wanarukia migombani kwa sababu hawakutusikia tunakuja. Kapteni akasema kwa mshangao kwamba hajapata kuendesha injini tulivu kama hii. Kona ya kwanza akakanyaga breki. Ngumu kama jiwe! Nikakumbuka maneno ya fundi. Mguu wa ng'ombe. Nikamwambia akanyage kwa miguu miwili, ndivyo kitabu kinavyotaka. Akakanyaga kwa miwili. Tukapita kona. Mishipa ya shingo yake ilikuwa kama kamba za gati. Kona ya pili nilisoma shahada. Ya tatu nilisoma shahada na Fatiha. Baada ya hapo nilisoma kila nilichokijua, pamoja na kaswida zote mbili, na Kapteni akadhani naimba kwa raha.

Chini ya Patsi ukungu ukaisha. Jua likatupiga. Joto la pwani likaingia dirishani. Kapteni, bila kuniuliza, akatia gia. Gari likashtuka. Likakohoa mara mbili. Halafu, wallahi, likanguruma! Moshi ukawa mweupe, kisha ukaisha. Tulipita Ouani kama mshale wa kifalme. Tukaingia Mutsamudu watu wamejaa pande zote mbili, na rejeta ilipopata moto, mlangilangi ukaanza kufuka kwenye boneti. Barabara nzima ikanukia arusi. Wanawake wa juu ya mapaa wakapiga vigelegele na kuuliza bwana arusi mwenyewe yuko wapi, maana huyu anayeendesha amejipaka marashi ya bibi arusi! Kapteni hakuelewa. Alipunga mkono. Nikamwambia wanamsifu.

Mbele ya jukwaa akasimama, akanishika mkono hadharani. Bwana Mouhidine, mweusi kwa moshi kuanzia kofia, akanitikisia kichwa mara mbili. Meza ya dirishani ni yangu. Nimeiona machoni mwake.

Alasiri, baada ya sala ya Ijumaa, Koko Bahia ameteremka kuona gari lake. Alimwambia fundi ainue boneti. Akachovya kidole kwenye kichupa cha kabureta, akakinusa. Akacheka mpaka shiromani yake, nguo ya kujitanda ya wanawake wa Nzwani, ikamwanguka begani.

Akasema: "Mwanangu, umelitia gari mafuta ya nywele! Yale hulala kwa baridi, yakawa kama samli. Mimi nayaamsha juani kila siku mbele ya macho yako. Ulikuwa unatazama nini?"

Fundi Sounhadj hakucheka. Alisema alinikataza jambo moja tu. Akanyoosha mkono, nikampa mafuta ya shangazi yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Nimeridhika kwamba mafuta hayakuwa na kosa. Kosa ni la baridi.

Jumamosi, 7 Julai.

Siku ya ushindi.

Kapteni amenifanya mkaguzi wa mitambo yote ya visiwa vitatu. Mimi, Youssoufa! Nitakaa dirishani. Na zawadi juu yake: kesho alfajiri nitarudi Moroni kwa boti ya serikali, abiria peke yangu, nimekaa kibandani kama bwana. Ndiyo safari yake ya kwanza tangu ifungwe gatini. Elarif anarudi kwenye magunia ya vitunguu. Nilimpa salamu za pole. Akanitazama sana, akasema anaona vitunguu vina usalama wake. Hajui kukubali kushindwa.

Fundi Sounhadj amenitafuta mara mbili leo. Mara ya kwanza nilikuwa na Kapteni. Mara ya pili ameniachia ujumbe hotelini: nisipande chombo chochote kabla hajaongea nami, kuna kitu anataka kukirudisha mahali pake. Atakuwa anataka cheti. Mafundi! Nitamwandikia nikifika.

Bwana Mouhidine ametaka orodha moja ya nyongeza kabla sijaondoka: vyombo vya baharini vya serikali hapa Nzwani. Elarif alijitolea kuifanya. Nikaikamata mimi! Kipo chombo kimoja tu. Fomu nimeijaza hapa hapa mezani, kwa wino mweusi, mwandiko wangu bora. Aina: boti ya petroli. Mahali: gati la Mutsamudu. Gati liko mbali na hoteli, na jua ni kali, na wachukuzi wanangoja nipite. Sikushuka.

Hali: nzuri.

Muhuri nimeupiga. Kucha zangu bado zina rangi ya ile pampu, haitoki hata kwa ndimu. Ni buluu ileile ya boti. Nimeligundua sasa hivi nikitazama dirishani. Watu wa Mutsamudu wanaipenda sana rangi hii.